Mji wa Maji

Leo nimefungua kalenda mpya, na harufu ya karatasi yake laini imenirudisha nyumbani kwetu Muheto, siku mama aliposhusha ukutani kalenda ya mwaka uliokwisha. Ilikuwa na picha za miji ya dunia, nasi watoto tulizitumia kufunikia kaye zetu, yaani madaftari ya shule.

Mimi na dada yangu mkubwa sote tulitaka Paris. Tuliivuta karatasi hadi ikaanza kuchanika. Mama akampa dada Paris, kaka akapata Roma, nami nikabaki na mji nisioujua, ambao barabara zake zilikuwa maji matupu. Nikalia.

"Siutaki huu muji, Mama. Ngombe itapita wapi?"

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu. "Mimi, huu njo muji ningechagua," akasema. "Lakini nitatembelea yote. Kila mutu aende mu muji yake, anitayarishie maziwa."

Tukatawanyika, kila mmoja na kona yake. Mama akajifunga kitenge cha misa, akachukua kikapu, akaanza safari.

"Hodi, Paris iko watu?"

Dada alimkaribisha kwa Kifaransa cha shule. Kule Roma, mama alipiga magoti, kaka akambariki kama padri, tukacheka hadi machozi.

Mwisho akaja kwangu. Nilimngoja na kikombe mkononi. Mama alisimama, akaangalia sakafu yetu ya udongo, kavu kabisa, akavua viatu, akapandisha kitenge hadi magotini, akavuka polepole hadi nilipokuwa.