Asubuhi Tuliyofunga Mifereji ya Ploti

Siku hiyo uani tulikuwa watu hawa. Mimi. Mke mwenzangu, tulioolewa na mzee mmoja kule Kipsing, yeye kwanza na mimi nikamfuata, na mzee alipokufa tukabaki sisi wawili. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama Mborana wa Sericho, muuza maziwa ya ngamia. Hatuna damu moja naye, lakini ndiye ananisaidia kumwinua mke mwenzangu akitaka kukaa, kwa hivyo mimi namhesabu ndugu. Mwalimu wa nasari wa mlango wa mwisho, msichana Mmeru mwenye mtoto mchanga, ambaye ananiita shosho, yaani nyanya yake, tangu siku ya kwanza. Na keateka, yule kijana wa kufunga geti na kuleta bili, mpwa wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwenyewe alikuja baadaye. Wapangaji wengine pia walikuwepo, na majina ya wote ninayo, na ya watoto wao, mpaka la paka. Lakini watu wako hai na majina ni yao. Siyaandiki.

Ploti hiyo iko Chechelesi, hapa Isiolo. Mabati yake yana matundu, mvua ikija tunasukuma kitanda kona ile nyingine. Mlango wa choo unashikwa na bawaba moja. Swichi ya stima tulikuwa tunaiwasha na kijiti kwa sababu ilikuwa inarusha mtu. Ukimwambia keateka, anakujibu, "Nitaambia mjomba." Basi unangoja mjomba.

Niliyavumilia hayo kwa ajili ya hospitali. Mke mwenzangu alipooza upande wa kulia, na wale wa mazoezi wanamtaka kila wiki. Kipsing tungemleta na nini? Hapa namsukuma kwenye kiti cha magurudumu tulichopewa kanisani, tunafika kabla jua halijawa kali. Alikuwa ameanza kushika kijiko. Kinaanguka, anakiokota tena.

Maji sasa. Ploti nzima ilikuwa na mita moja. Bili ikija, keateka anaigawa kwa milango, kila mlango sawa, na hatukuwa na neno. Lakini mwaka jana, kiangazi kilipokaza, bili ikaanza kupanda, mwezi huu kuliko uliopita. Siku moja keateka akasimama mlangoni petu, hakuingia.

"Shosho, mjomba anasema mlango yenu italipa mara mbili."

"Kwa nini? Tumezaa?"

"Mnafua kila siku. Angalia kamba, ni mashuka yenu tu. Na kama hamwezi, mwisho wa mwezi mpishe mtu mwingine."

Kufua nilikuwa nafua, hilo sikatai. Mtu aliyepooza hawezi kuambia mkojo ungoje. Lakini mara mbili hatungeweza, na keateka alijua.

Mke mwenzangu alisikia yote kutoka kitandani. Ulimi wake ni mzito siku hizi, lakini haukosi kazi.

"Nirudishe Kipsing," akasema. "Nikafie kwa mbuzi zangu."

"Mbuzi zako zilikwisha na kiangazi. Utafia kwa mbuzi za nani?"

Akacheka na nusu ya mdomo. Nikadhani yameisha. Kumbe jioni nikimpa chai anafunga mdomo. Kesho yake maji, vilevile anafunga. Nikamuuliza ni nini, akaelekeza macho nje kwenye kamba ya mashuka. Ndipo nikaelewa. Alikuwa amekataa kunywa ili asilowe, asilowe ili nisifue. Mtu mgonjwa, na joto hili la Isiolo! Nikajua mwisho wa mwezi hata hatutaufikia.

Nikaenda kwa jirani. Nilimkuta anafukiza vibuyu vyake na moshi, maziwa yakae bila kuharibika. Nikamweleza, yeye anageuza kibuyu chake tu. Mwisho akasema:

"Baba yangu Sericho alikuwa aba herega."

"Huyo ni nani?"

"Wa kupanga zamu kisimani, nani anywesha leo na nani kesho. Maji ikipungua, haulizi nani amekunywa sana. Hapo watu watapigana tu. Anasimamisha wote. Hakuna mtu kuteka. Kisima inanyamaza, halafu anaangalia kama maji bado inashuka."

Akazunguka mlango kwa mlango. Tukakubaliana tufunge mifereji yote Jumamosi asubuhi, mwalimu akiwa nyumbani, na tumalize kabla ya adhuhuri ili Waislamu wapate maji ya udhu.

Sasa, sisi ni watu waliokulia penye shida ya maji. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mfereji utafungwa, maneno mengine yote hayasikii. Jumamosi hiyo kila mtu aliamka kujaza. Mitungi, makarai, sufuria, beseni ya mtoto. Mwalimu alijaza mpaka birika ya chai. Mimi pia nilijaza. Keateka akaenda kuangalia mita, akarudi anashika mbavu.

"Hii ndiyo mnaita kufunga? Mita inazunguka kama feni!"

Jirani akatutukana Kiborana, tukacheka na sisi. Akangoja tumalize. Kisha akapita mwenyewe anafunga mifereji, mmoja baada ya mwingine, akaweka kigoda kando ya mita akakaa.

"Mwenye kugusa mfereji namnyima maziwa mpaka Idi."

Tukamtoa mke mwenzangu na kiti chake, naye aone. Mwalimu akapiga magoti akafuta kioo cha mita na kanga. Mle ndani kuna kigurudumu kidogo chekundu, maji yakipita kinazunguka.

"Shosho, kuja uone."

Kilikuwa kinazunguka. Polepole, lakini bila kusimama. Mifereji yote imefungwa, watu wote uani, na kinazunguka.

Mke mwenzangu akatazama kile kigurudumu, akatutazama sisi.

"Mimi niko hapa," akasema. "Na niko mkavu."

Watu walicheka mpaka mtoto akashtuka akalia. Yeye hakucheka. Aliniangalia mimi tu.

Keateka naye aliacha kucheka, maana mlango wake ulikuwa kwenye bili kama yetu. Akachukua jembe akafuata bomba. Limepita nyuma ya choo, limezama chini ya ukuta, limetokea upande wa pili ambapo mjomba wake anajenga vyumba vipya. Pale mpira unamwaga maji kwenye pipa, mafundi wanakoroga simiti. Fundi akasema yeye alionyeshwa pa kuunganisha akaunganisha.

Wengine walitaka bomba likatwe hapo hapo. Jirani akakataa. "Aje kwanza. Mniachie mimi."

Mwenye nyumba alifika baada ya adhuhuri na kanzu yake, uso tayari kwa ugomvi.

"Salaam aleikum, Hajji," jirani akamwambia.

"Aleikum salaam. Naambiwa mnachimbua ploti yangu."

"Kaa kwanza, kunywa chai."

Ilikuwa chai ya maziwa ya ngamia, na hiyo haikataliwi. Akakaa, akanywa.

"Hajji, wewe ni mtoto wa wafugaji kama mimi. Kisimani mifugo inakunywa na mwenyewe amesimama nyuma yao. Tukiona ngamia wanakunywa na nyuma hakuna mtu, hatuwapigi, hatuwafukuzi. Tunauliza tu ni wa nani. Sasa huko nyuma ya ukuta kuna wanaokunywa. Ni wa nani?"

Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa kile kiti cha magurudumu. Nilijua akisema hajui, sisi tumehama. Akamwangalia mpwa wake. Akamwangalia mke mwenzangu, na mashuka nyuma yake kwenye kamba.

"Ni wangu," akasema.

"Basi simama nyuma yao."

Akaweka kikombe chini. Akasema maji ya ujenzi ni juu yake, zile pesa tulizolipa zaidi atazitoa kwenye kodi, na mlango wa shosho ni kama milango mingine. Samahani hakusema, na hakuna aliyemdai. Baadaye akaweka mita yake ya huko nyuma. Mabati bado hajagusa. Mvua ikija, bado tunasukuma kitanda.

Lakini jioni ile mke mwenzangu aliitisha chai mwenyewe. "Jaza," akasema, "na sukari usinipimie kama mtoto." Akanywa yote, akalowa, nikafua, na sijawahi kufua kwa furaha kama hiyo. Siku hizi anashika kikombe kwa mkono ule uliokuwa umelala. Namshukuru Mungu, nawashukuru majirani zangu, na Hajji pia namshukuru. Ploti ni yake. Angeweza kusema hajui.

Mimi shule sikufika mbali, naandika vile nakumbuka. Mke mwenzangu anabisha, anasema Hajji alikunywa vikombe viwili kabla ya kujibu. Mimi naona kimoja. Wewe uliyekuwa uani siku ile, kama kuna mtu nimemtia neno mdomoni ambalo si lake, pita unirekebishe. Tuko mlango uleule.