Jina la Leso ya Bi Zuhura

Jumamosi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyovaa kanzu mpya nikasifiwa na watu, na ndiyo siku niliyotiwa adabu mbele ya watu hao hao. Picha zako ulizonitumia kwenye simu nimeziona. Nzuri, mashaallah. Lakini kabla hujazitundika wiki ijayo, kaa hapa kidogo nikusimulie, na hiyo simu iweke chini. Ndiyo, chini kabisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kijana wa hapa hapa Malindi, nimeajiriwa katika studio ya picha za pasipoti. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaambia watu wasicheke. Basi ukafunguliwa ukumbi mdogo wa maonyesho, nyumba ya zamani yenye vyumba viwili, ndimo humo humo utakamotundika wewe. Alikuwapo bwana mmoja wa Ganda aliyechora kwa udongo wa shambani kwao, alikuwapo Amina wa Mambrui mwenye rangi zake za mafuta, na mimi mpiga picha. Lo! Nilijiona nimefika. Hata mwendo nilibadilisha.

Nikaenda kwa jirani yetu, Bi Zuhura. Mama yule alikuwa na sura ya kupigwa picha, kipini puani na macho yaliyotulia. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akaniuliza jambo moja tu.

"Hayo maonyesho, mama yake Amina atakuja?"

"Hawezi kukosa," nikamjibu. "Si ni binti yake anaonyesha?"

Akaniambia nirudi kesho.

Sasa sikiliza. Mama yake Amina, Bi Rukia, ni dada yake Bi Zuhura, tumbo moja. Walikosana msibani kwa mama yao, kwa neno moja lililomponyoka mmoja wao, na mwaka wa tatu ulikuwa unaisha hawasemezani. Bi Zuhura alituma watu Mambrui mara tatu wakamwombee radhi, na mara zote walirudi na jibu lile lile: mimi sina dada Malindi. Haya yote niliyajua, mtaa mzima uliyajua. Ndiyo aibu yenyewe, mwanangu. Nilijua, na sikufikiri.

Kesho yake nilimkuta barazani amenunua doti mpya ya leso. Kipande kimoja amekitandaza mapajani, anayanyoosha maandishi yake, jina la leso, kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho: SINA KINYONGO, KARIBU NYUMBANI. Kipande cha pili amekikunja vizuri, amekiweka pembeni. Wewe umekulia pwani, huhitaji kuelezwa. Dada wawili wanaopendana hugawana doti, huyu kipande na yule kipande.

"Maandishi yanasomeka?" akaniuliza.

"Yanasomeka, Bi Zuhura."

"Yote?"

"Yote."

Nami jicho langu lote liko kwenye kipini.

Sikumdanganya, kwenye filamu yalisomeka kweli. Lakini nilipoingia kusafisha picha, bichwa likanifura. Nikajiambia, ah, maandishi haya yanachafua picha, sanaa haitaki makelele. Nikaikata kifuani kwenda juu. Ukabaki uso mtupu, mkubwa, ukutani peke yake.

Jumamosi baada ya alasiri watu wakajaa. Wakanisifu, nami nikasifika. Bi Rukia akaja, akasimama mbele ya picha ya dada yake muda mrefu mno, halafu akamwambia Amina, nami nikimsikia, "Hata kwenye picha ananitazama kwa kiburi." Akatoka, akapanda gari kurudi Mambrui.

Haikupita nusu saa akaingia Bi Zuhura. Alichelewa kusudi, mwanangu, ili dada yake asome kwanza. Amejipamba, anafuka udi, na kwapani ana kile kipande cha pili. Akaifikia picha. Akaitazama, kisha mkono wake ukashuka chini ya fremu, ukapapasa ukuta, ukitafuta.

"Maneno yangu yako wapi?"

"Nilikata kidogo, Bi Zuhura. Kwa ajili ya sanaa." Wallahi ndivyo nilivyojibu.

"Kassim, nilikuuliza yanasomeka, ukaniambia yanasomeka. Mara tatu nimetuma watu. Mara hii nilitaka kusema mwenyewe, na wewe umenifunika mdomo."

Hakupaza sauti. Angenipigia kelele ningepata nafuu. Alikirudisha kipande chake kwapani, akaenda zake, na mimi na kanzu yangu mpya sikujua uso niuweke wapi.

Nikamfuata Amina nikamwambia kila kitu, machozi yananitoka. Akanitazama. "Unalia nini sasa? Filamu si unayo? Kaisafishe upya. Mama nitamleta mimi, hata kwa kumvuta."

Jumapili nzima nikashinda studio. Jumatatu nikaitundika picha kamili: Bi Zuhura akionekana mdogo kidogo, ukuta wa chokaa iliyobambuka, ndara miguuni, na mkono wake juu ya maandishi. Na tazama ujinga wangu, mwanangu, ndiyo iliyokuwa picha nzuri.

Bi Rukia akaletwa, ananung'unika tangu mlangoni. Akasoma. Midomo yake ikacheza, akasoma tena. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Doti ni vipande viwili. Cha pili kiko wapi?"

"Anacho Bi Zuhura," nikasema. "Kimekunjwa. Ni chako."

Akalia pale pale, na mimi nikalia, na Amina ndiye aliyetucheka sote. Kutoka ukumbini hadi kwa Bi Zuhura ni mwendo mfupi, akauenda kwa miguu. Waliyozungumza mle ndani siyajui. Ninachojua ni kwamba Alhamisi waliingia studio wote wawili, wamejitanda doti ile moja, huyu kipande na yule kipande.

"Tupige," akasema Bi Rukia. "Na ukikata hata herufi moja, nitakukata wewe."

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikubali umpige picha, ana lake analotaka kusema. Muulize ni lipi, keti umsikilize, kamera baadaye. Usiseme "yote" na jicho lako liko kwenye kipini. Na ukikosea, rekebisha pale pale ulipokosea, mbele ya wale wale, usione haya.

Haya, sasa chukua simu yako. Nionyeshe yule bibi wa Sabaki. Uso umeutoa vizuri sana, lakini mkono umeukata hapa pembeni. Alikuwa ameshika nini?

Hujui. Nilidhani hivyo.

Jumamosi bado, na Sabaki si mbali. Mwenyezi Mungu akupe jicho zuri na sikio zuri zaidi, akukunjulie riziki, na wote utakaowatundika ukutani waje wajione wenyewe, waondoke wamefurahi. Nenda, mwanangu. Ukifika kwa yule bibi, anza na shikamoo, kisha umuulize mkononi alikuwa na nini.