Vipande vya Mpira kwenye Turubai la Bibi

Juzi nilikuwa Masasi kununua turubai la kuanikia korosho. Muuzaji aliponiona nakagua pembe moja baada ya nyingine, akanitania: "Mama, unanunua turubai au unachagua mkwe?" Nilicheka. Lakini mambo ya turubai nayajua, na niliyajua kwa kosa langu mwenyewe.

Nililelewa na bibi yangu kule Chilangala, Newala. Maji yalikuwa bondeni, chini ya mteremko mkali, na bibi alikuwa na goti bovu. Kwa hiyo wakati wa mvua tulikinga maji kwa turubai lililofungwa kwenye nguzo nne, limeinamia pipa. Kila mahali lilipogusa mti au kamba, bibi aliviringisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Kila asubuhi, uji ukichemka, alizunguka nguzo akikaza kamba na kurudisha mpira uliohama. Alizoea kusema turubai haliuliwi na upepo, linauliwa na pale linaposugua.

Shuleni nako wasichana tulikuwa tunaunga vipande vya tyubu tupate mpira wa kuruka, na asiye na kipande hachezi. Nikafungua vya nguzo mbili za nyuma. Mahali pake nikaviringisha matambara niliyoyapaka masizi ya sufuria, maana macho ya bibi yalikuwa yameanza kuchoka. Nilijiona mjanja kweli.

Upepo ulipiga siku nne. Matambara yakalika, mti ukaanza kulila turubai. Ya tano ikanyesha mvua kubwa, maji yakalemea, na turubai likachanika kutoka pembeni hadi katikati. Bibi akatoka, akaona masizi yanachuruzika kwenye nguzo. Akanitazama.

"Haya, mjukuu wangu, chukua ndoo yako. Na mimi nachukua yangu."

Kushuka si kazi, kazi ni kupanda. Kila baada ya hatua chache alisimama, ndoo kichwani, akijifanya anatazama mikorosho. Nilikuwa nyuma yake nalia. Tulipanda hivyo msimu mzima, na goti lile halikurudi tena kama zamani.

Siku hizi Chilangala kuna bomba, na watoto hawajui turubai la kukingia mvua. Sisikitiki, acha lisahaulike. Ila bibi hakulikuta bomba. Na mimi sikuwahi kumwomba radhi: utotoni niliogopa, ukubwani nikaona haya, na nilipopata ujasiri tulikuwa tunarudi kutoka kumzika.