Sabuni ya Kwenda Isingiro

Juzi nilishuka Omurushaka kununua sukari, chumvi na mafuta ya kula vya kumpelekea mama Ihembe, na nikajikuta nimesimama mbele ya rafu ya sabuni za kunyolea ndevu, ninanusa kopo moja baada ya jingine. Usinicheke. Mume wangu alikuwa ameniomba nimnunulie sabuni ya ndevu, akasema nichukue yoyote tu, na mwanamume akikwambia yoyote tu ujue hiyo utakayoleta ndiyo atakayoilalamikia. Kwa hiyo nilikuwa nachagua kwa makini. Mama mwenye duka, mchangamfu wa kupita kiasi, alinifungulia ya limau, kali mpaka ikanichoma puani. Akanifungulia ya chenza, tamu kama peremende za watoto, nikamwambia mume wangu si bibi arusi. Kisha akanifungulia ya machungwa, na sikusikia tena alichokuwa akisema.

Ilikuwa ile ile. Kopo lilikuwa jingine na jina lilikuwa jingine, lakini harufu ilikuwa ile ya ganda la chungwa likiminywa karibu na mvuke wa maji moto. Nikailipia upesi, nikaifunga kwenye kitenge na kuizamisha chini kabisa ya mkoba. Mtu mzima kama mimi, na watoto wangu, nilikuwa namficha mama yangu sabuni.

Ngoja nikueleze, maana pengine utaniona mwehu.

Nyumba yetu ya Ihembe ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka mpaka mlangoni, mibuni chini ya migomba, na nyuma kulikuwa na dirisha dogo linalotazama jikoni kwa mama. Kwenye ukingo wa dirisha lile baba aliweka sabuni mbili. Moja ilikuwa kipande cha sabuni ya mche, hiyo hiyo tuliyofulia na kuogea sote. Ya pili ilikaa ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, duara, ya rangi ya machungwa, aliyoletewa kutoka ng'ambo ya mpaka. Baba alikuwa mnunuzi wa kahawa, anazunguka na baiskeli Karagwe na Kyerwa. Jumapili ya kwenda kanisani alinyoa kwa mche. Siku ya kwenda kupalilia, mche. Ile ya kopo ilikuwa ya siku za kwenda Isingiro, upande wa Kyerwa.

Isingiro alikuwa na mke mwingine. Hakuna aliyekaa nami akanieleza, na hakuna aliyenificha pia. Watu wa kanisani walinong'ona, bibi akakohoa wakati wa sala kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua, na mtoto akiunganisha minong'ono na vikohozi anapata habari kamili.

Maji ya kunyolea kwetu huchemshwa na mke. Mama aliyachemsha kwenye kisufuria chake kidogo, akayaleta nyuma ya nyumba, akayaweka juu ya kigoda na kuondoka bila kuangalia ni sabuni ipi iliyotoka dirishani. Hakuwa na haja ya kuangalia, upepo ulimletea jibu jikoni. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika kioo. Nilikishika kwa mikono miwili, nimebana pumzi kisitikisike, nikamtazama baba anavyovuta shavu na kupitisha wembe. Nilimwita Tata, kama watoto wote wa kwetu.

Akimaliza kunyoa kwa ile ya machungwa alikuwa na mchezo. Alichota povu lililobaki, akanipaka mashavuni na kidevuni, kisha akaninyoa kwa mgongo wa kitana, taratibu, huku anasema, "Tulia mzee, usije ukakatwa." Nilicheka mpaka machozi. Povu la mche halikufaa kwa mchezo huo, lilikuwa jembamba na lilikufa upesi. Kwa hiyo nilikuwa nazingojea siku za Isingiro. Nikipiga magoti usiku niliziombea, siku zile zile ambazo mama yangu alikuwa akiziogopa. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo.

Sasa kuna siku moja. Kaka yangu mkubwa alikuwa anaoa, na ilibidi tukamue lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kupeleka ukweni. Ndizi zilikuwa zimeivishwa shimoni chini ya majani ya migomba, mtama umekaangwa na kusagwa, mtumbwi wa kukamulia umesuguliwa mpaka ukawa mweupe. Wanaume ndio wanaokanyaga ndizi, na pombe ikiwa ya ndoa ya mtoto, baba wa mtoto ndiye anayetangulia kuingia mtumbwini. Lakini aliyeoga kwa sabuni ya kunukia au kujipaka mafuta ya kunukia hausogelei mtumbwi kabisa. Lubisi hubeba kila harufu inayopita, na wakwe wana ndimi za kutafuta sababu. Wanaume wa jirani walikuwa wamenawa miguu kwa maji matupu, wamekunja suruali, wanangoja uani. Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Tangu jana yake alikuwa anawaambia wanawake wenzake, "Baba yao ataingia mwenyewe." Alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Baba akaniita na kioo. Maji yakaja. Akanyoosha mkono dirishani, akachukua kipande cha mche, akakilowesha kabisa. Akakaa nacho mkononi, anatazama migomba. Kisha akakirudisha, akafungua kopo.

Nilijua maana yake, rafiki yangu. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga, nilijua watu wanangoja uani na nilijua mama amesema nini. Na moyo wangu uliruka kwa furaha. Alipomaliza alinipaka povu, akaninyoa, nikacheka kwa sauti kama kawaida yangu. Ng'ambo ya ukuta mama alikuwa anamenya ndizi za chakula cha wageni. Kisu kilinyamaza. Baadaye kikaendelea.

Baba akatokea uani ananukia, ameshika baiskeli. Mzee jirani yetu, ambaye ndiye aliyekata nyasi za kukamulia, akamtazama kuanzia usoni mpaka viatuni.

"Ee waitu, ndugu yetu, leo huingii?"

"Nina kahawa ya kupima Isingiro," baba akasema. "Nyinyi endeleeni tu."

Mama alitoka jikoni na kisu chake, akapangusa mikono kwenye kanga. "Endeleeni," akasema, "jua linapanda." Mzee jirani akaingia mtumbwini badala ya baba, na wengine wakamfuata. Nilitaka kwenda kuona, lakini mwanamke mmoja alinivuta sikio kwa utani, akanifuta povu lililobaki nyuma ya sikio hilo. "Na wewe kaa huko," akasema, "unanuka safari." Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakamwona mama wakaacha. Mama alinitazama mara moja tu. Kutwa nzima nilikaa mbali na mtumbwi, peke yangu, na sikulia kwa sababu sikuona kama nina haki ya kulia.

Siku ya kupeleka pombe ukweni baba hakurudi, msafara ukaongozwa na baba mdogo. Tangu hapo siku za Isingiro zikarefuka, mpaka ikawa sisi ndio tunaotembelewa. Huko ndiko alikofia na ndiko tulikomzika. Mimi nilikwenda. Mama alisema magoti yanamsumbua.

Basi juzi nikafika Ihembe na mkoba wangu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake kidogo kama mgeni wa heshima. Halafu akaanza kupakua mkoba, maana mama zetu hawangoji kukabidhiwa. Alipofika kwenye kitenge mkono wake ulisimama.

"Umeleta nini humu?"

"Sabuni ya mume wangu, mama. Ya ndevu."

Akaifungua. Akaisogeza puani akafumba macho, na mimi nikainamisha uso nikatazama sakafu. Nilikuwa mtoto tena, na povu nyuma ya sikio.

"Nilikuwa nakusikia unavyocheka," akasema.

"Mama..."

"Ngoja niseme. Akishaondoka na baiskeli yake, nilikuwa naenda pale dirishani, nafungua lile kopo, nanusa. Kila mara. Kisha nakwenda shambani najichukia." Alifunga kifuniko polepole, anakizungusha kwa vidole vyake vilivyopinda. "Mimi alinijia na harufu ya kahawa na jasho. Hii hakuipaka kwa ajili yangu hata siku moja."

Akanirudishia kopo mkononi, akalifunika kwa mikono yake yote miwili.

"Mwambie mumeo aipake siku za kukaa nyumbani," akasema. Kisha akainuka kwa shida kwenda kuchochea moto, maana ndizi zilikuwa jikoni.

Nilitoka nyuma ya nyumba. Dirisha lile limezibwa kwa tofali tangu tulipobadili bati. Mtumbwi ulipasuka zamani ukawa kuni, na siku hizi ndoa za huko kwetu zinakwenda na kreti za soda na bia kutoka Omurushaka, hakuna anayeulizwa amenyolea nini. Mzee jirani amekufa. Bibi amekufa na kikohozi chake. Nilisimama pale, na miaka yote hii nilikuwa nimedhani kosa langu lilikuwa kufurahi siku ile. Kumbe lipo jingine ambalo sitaweza kuliomba radhi, kwa sababu sikulitenda. Katika nyumba ile kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akitamani harufu ile imkaribie, akiichemshia maji kwa mikono yake, na aliyepakwa povu lake shavuni ni mimi.