Skrubu Nne za Jirani Yangu

Jirani yangu mwenye boti amefariki. Wasomaji wangu wa siku zote mnamjua, maana nimeshamkejeli mara kadhaa katika safu hii ya kila wiki bila kumtaja: yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa ukoo wa Kiarabu uliouza misumari Temeke tangu enzi za babu, aliyehamia kwetu Goba, huku milimani, akaja na boti. Habari ilinikuta sebuleni, ambako habari zote hunikuta. Presha ilimpanda asubuhi akiwa dukani, na alasiri ya siku hiyohiyo tukamzika. Niseme ukweli: hata msiba wake niliuonea wivu. Magari yalipangwa kutoka getini kwake mpaka chini kwenye kalavati, na mie nikajikuta nayahesabu huku nikikadiria wangu utakuwa na bodaboda ngapi.

Boti yenyewe si kubwa. Ni ya faiba, ya watu watatu, imekaa juu ya trela uani kwake, na baraza langu linaitazama moja kwa moja kwa sababu ukuta wa kati yetu uliishia tofali la nne. Mwaka juzi alianza kuifunga vifaa vya kuvulia. Kwanza vikombe viwili vya chuma vya kusimamishia fimbo za ndoano, kimoja ukingo wa kulia, kingine wa kushoto. Mtu mzima, ana wajukuu, anapanda kwenye boti iliyo nchi kavu, anaketi juu ya kiti cha plastiki, anashika fimbo, anavuta samaki asiyekuwepo, kisha anashuka na kusogeza kikombe nusu inchi. Wiki mbili hizo. Baadaye akaja na winchi ndogo ya mkono yenye waya, ya kushushia ndoano chini kabisa waliko samaki wakubwa. Waya huo unahitaji kitu kizito mwishoni, naye akafunga jiwe la mizani la kilo tano, lilelile ambalo baba yake alipimia misumari. Mizani ya umeme ilipoingia dukani, wengine waliyauza mawe yao kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Yeye lake akalipatia kazi mpya baharini. Nilipoliona likining'inia pale niliudhika siku nzima, kwa sababu ni wazo zuri na halikuwa langu.

Alikuwa akinialika. Kila wiki, juu ya yale matofali manne: jirani, Jumamosi twende. Na kila wiki nilikuwa na udhuru. Goti. Dawa zisizotaka jua. Ndugu zangu wawili niliwazika kwa mdomo ili kuzikwepa safari zile, na wote ni wazima mpaka leo, mmoja yuko Kibamba anafuga kuku. Jumapili asubuhi lilikuwa likija bakuli la nguru wa kukaanga, na mke wangu, ambaye hanaga haraka ya kunichoma, alisubiri nimeze kwanza. "Mwenzio anavua," alisema siku moja. "Wewe unabadilisha chaneli." Niliomba kipande kingine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Siku alipokuwa akifunga vikombe, kile cha kulia alikifunga kama inavyotakiwa: bolti zinapita kwenye faiba, kwa ndani kuna ubao wa mninga, washa pana, yaani visahani vya chuma, kisha nati. Alipofika cha kushoto ubao ukawa umemwishia na swala ya Ijumaa imekaribia. Akakibandika kwa skrubu nne tupu, akapaka silikoni, akaondoka. Mie nimeishia kidato cha nne, lakini skrubu tupu kwenye kitu chembamba nina shahada yake: ndivyo nilivyofunga televisheni yangu kwenye jipsamu, ikashuka na kipande cha ukuta. Nilijua samaki mkubwa wa kwanza angeondoka na kikombe, fimbo, na pengine kidole cha mtu. Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni nikanywa chai. Tangu hapo kila Jumamosi boti iliporudi nilikuwa barazani nachungulia ukingo wa kushoto, na kila mara kikombe kilikuwepo.

Msinicheke peke yangu. Mitaa yetu hii mipya imejaa watu wa namna yangu. Mtu akianza msingi, tunasema tuone kama atafika kwenye linta. Akifungua saluni, tunapita mara mbili kwa siku kuangalia viti vitupu. Hatumsukumi mtu aanguke, tuna dini zetu. Tunakaa tu mahali ambapo tutaona vizuri.

Baada ya hitima nilimkuta binti yake mkubwa uani, yuko juu ya boti ana spana. Ni karani Mikocheni, na alikuwa akivua na baba yake tangu shuleni. Akanipa shikamoo, nikaitika, nikamuuliza anafanya nini. Akasema Jumamosi anaingia nayo maji, yeye na mumewe, na anahamishia winchi kushoto kwa kuwa yeye hutumia mkono wa kushoto. Kitako cha winchi angekikaza palepale kwenye kile kikombe cha skrubu nne. Jiwe la kilo tano, waya, na samaki juu yake. Ningeweza kurudi ndani. Miguu yangu ilishageuka.

"Hicho hakina ubao kwa ndani," nikasema. "Ni skrubu tupu."

"Ami umejuaje?"

"Nilimwona baba yako akikifunga. Mwaka juzi."

Akaacha spana. "Na hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka king'oke," nikasema.

Alifungua kifuniko cha pembeni, akaingiza mkono chini ya ukingo, akapapasa kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nipande. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga boti ile. Nikaingiza mkono pale aliponionyesha, nikagusa ubao wa mninga, washa pana, nati nne zimekazwa vizuri kuliko za kulia. Marehemu alishakirekebisha. Siku gani, sijui. Pengine nilikuwa ndani natazama taarifa ya habari.

"Baba alikuwaga akikosea kitu hapati usingizi mpaka akirudie," binti akasema, akaokota spana yake. Hakuniangalia tena siku ile, na sikumlaumu. Neno nilishalitoa.

Nami nimetoka na somo hili. Kosa la jirani mwambie siku hiyohiyo, hata kwa kejeli kama kejeli ndiyo unayoiweza. Ukilificha litahamia kwako, na litakaa hata baada ya mwenyewe kulimaliza. Yeye alifunga ubao wake akaenda kuvua. Mie miaka miwili nililinda skrubu ambazo hazikuwepo.