Poda ya Shingoni

Nesi Ugonma Okereke hakuwa mtu wa kupendeka, wala hakutafuta kupendwa. Aliacha kazi ya wodi ya wazazi baada ya kugombana na kila aliyevaa koti jeupe, akafungua darasa la wajawazito sebuleni kwake, hapa Umuahia, nyuma ya soko la vyakula. Kila Jumamosi wanandoa wachache waliketi mikekani, wake kwa waume, na mwanasesere wa plastiki aliyeng'oka jicho akaogeshwa kwenye beseni mpaka rangi ikambanduka. Siku ya kwanza wanaume walicheka. Siku ya pili hawakucheka tena, maana ulimi wa Nesi ulikuwa wembe.

"Wewe injinia, shingo! Shika shingo! Huyo si jogoo unayempeleka sokoni!"

Alifundisha kupumua, kusukuma, kunyonyesha. Hayo hayakumletea adui. Kilichomletea adui ni somo la mwisho, la omugwo. Kwetu binti akijifungua, mama yake mzazi hufunga safari kwenda kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia supu ya pilipili na kumwogesha mjukuu. Siku ya kurudi, wakwe humvisha vitenge vipya, naye hushuka garini shingo nyeupe kwa poda, mtaa mzima ujue ametoka kulea. Hakuna mwanamke asiyeingojea siku hiyo. Nesi aliiita upuuzi. Maji ya moto yanaunguza vidonda, alisema, na mtoto ana baba mwenye mikono miwili.

"Sasa mama mkwe akija na masufuria yake, tumwambie nini?" waume waliuliza.

"Mwambieni apumzike."

Daa Nwanyieke, muuza viungo pale sokoni, aliambiwa apumzike. Alikwenda Owerri kwa binti yake, binti aliyekuwa amesoma kwa Nesi, akamkuta mkwewe amejifunga kitenge kiunoni anamwogesha mtoto. Gunia lake la viungo halikufunguliwa. Alikaa siku chache akitazama televisheni, kisha akarudi shingo kavu, hana hata kitambaa kipya cha kichwa, na wenzake sokoni wakamwuliza kama mjukuu alimfukuza. Tangu hapo hakupita mlangoni pa Nesi bila kusimama.

"Mwizi wa wajukuu! Umewapa watu mtoto wa plastiki, na wewe Mungu akupe huyohuyo!"

"Daa, nenda kauze pilipili zako kabla hazijaoza kama roho yako," Nesi alimjibu kutoka dirishani, bila hata kugeuka.

Kisha Olachi, binti wa pekee wa Nesi, akapata mimba. Alikuwa ameolewa Aba, si mbali, na kila Jumamosi alikuja darasani na mumewe Uzodinma mpaka somo la mwisho. Uzodinma ndiye aliyemshika mwanasesere vizuri kuliko wote. Nesi alimsifu mbele za watu, akawaambia wale wengine wajifunze kwa mkwewe.

Mimba ilipokaribia kuiva, ndipo tulipoona maajabu. Nesi alinunua samaki wakavu, akanunua viungo vya supu, uziza, tena si kwa Daa, alivifuata soko la mbali ili asiulizwe. Akanunua na sufuria kubwa jipya la kuchemshia maji. Halafu akawatangazia wanafunzi kwamba darasa litafungwa kwa muda.

"Unakwenda omugwo, Nesi?" mmoja akauliza, mdomo wazi.

"Kwani mimi sikuzaa?"

Wala hakuona haya. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kichwani mwake, somo lile lilikuwa la mama za watu wengine, wale wa sokoni, si lake yeye mkunga.

Asubuhi simu ilipolia, alikuwa barazani. Mtoto wa kike, salama salimini. Nesi akapiga vigelegele mpaka majirani tukatoka nje, na simu yake ilikuwa na sauti kubwa, kila mtu akasikia.

"Nakuja kesho na gari la kwanza!"

"Mama, usijisumbue. Uzo amechukua likizo. Ameshamwogesha."

"Amemwogesha nani?"

"Mtoto, Mama. Shingo kwanza, kama ulivyotufundisha."

"Olachi, mimi ni mama yako. Nije nikukande. Hata mara moja tu."

"Kwa maji ya moto? Wewe?" Binti akacheka, kicheko cha mapenzi matupu, na hicho ndicho kilichouma zaidi. "Umefanya kazi mno, Mama. Pumzika."

Mpaka adhuhuri habari zilikuwa zimefika sokoni. Alasiri Daa Nwanyieke akaja, na kopo la poda mkononi. Tukatoka tena, safari hii kutazama vita. Nesi alikuwa amekaa kizingitini kwake, lile sufuria kando yake, bado lina karatasi ya dukani.

"Nasikia umekuwa bibi. Hongera. Mbona uko nyumbani?"

Nesi akaikwangua ile karatasi kwa ukucha.

"Au yule wa plastiki ndiye anayekuhitaji?"

Tulingoja ulimi ule wa wembe. Haukutoka. Daa naye alikosa raha kidogo, maana alikuja kutukanwa, arudi sokoni na la kusimulia. Akafungua kopo, akachota poda tele kiganjani.

"Basi nikupake mimi, mtaa ujue?"

Ilikuwa dhihaka, hata mtoto mdogo angejua. Nesi akafungua kifungo cha juu cha blauzi yake, akainua kidevu, akafumba macho.

Daa akabaki akiitazama ile shingo, mkono hewani. Hakuna aliyecheka. Kisha akairudisha poda koponi polepole, akakung'uta kiganja, akafunga kifuniko kwa nguvu.

"Pumzika, Nesi," akasema, akaenda zake.