Vidoa vya Anga la Bugwema

Mpiga picha wa studio ile ya Musoma mkono wake haujui kupita kidoa. Miaka nenda rudi amewafutia mabibi harusi chunusi. Alipoanza kujifunza kusafisha picha za nyota kwenye kompyuta, alianza na picha aliyoipiga usiku kwao Bugwema, na mkono ukafuata mazoea: kila kinukta hafifu alikidhania uchafu, akafuta, kisha akaihifadhi juu ya ile ya mwanzo, isibaki nakala nyingine. Leo, baada ya kumzika baba yao, dada yake Boke ameinamia kioo cha kompyuta. “Ulikuwaga unasema Baba yumo humu, anatoka zizini na tochi. Mbona sioni mwanga?” Mpiga picha anaikuza kona ya zizi, anaikuza tena. Giza limetulia pale, laini kama shavu la bibi harusi.